Ndizi za Mzee Kyaruzi Zina Kwao

Mzee Kyaruzi wa Hamugembe hali kitu asichokijua kwao. Akiletewa sato, humhoji muuzaji mpaka amchoshe: amevuliwa Bumbire au wapi, lini, kwa nyavu gani? Samaki akiwa mdogo kuliko kiganja chake, humrudisha. "Huyu hajazaa. Mpeleke kwa mama yake." Maharage nayo huulizwa ukoo. Wauzaji wakimwona anakuja, hujifanya wana wateja wengine.

Ndizi tu hakuziuliza, kwa kuwa zilitoka kwenye kibanja chake, shamba la migomba la Nshambya, alichoachiwa na baba yake. Goti lilimzuia kwenda huko mwaka mzima, akawa anakwenda mkewe, Edvina. Kila mchana Kyaruzi alionja ebitoke, ndizi za kupikwa, akafumba macho. "Mama Audax, hii ndiyo ardhi ya baba. Siyo kama zile ndizi za kaka yako."

Kaka huyo, Rutashobya wa Muleba, aliwahi kusema harusini, watu wakisikia, kwamba ndizi za Kyaruzi zinateleza kama sabuni. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Jumamosi moja, Edvina akiwa kwenye kwaya, Mujuni wa bodaboda alishusha mkungu barazani.

"Wa wapi?" Kyaruzi aliuliza kwa mazoea.

"Umeshuka kwenye basi la Muleba, mzee. Kwa Rutashobya, kama ule wa wiki iliyopita."

Edvina alirudi akamkuta mumewe anautazama mkungu kama mgeni asiyealikwa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kibanjani. Niling'oa mashina yote, Baba Audax. Niliogopa kukuambia."

Kyaruzi aliumia sana. Migomba ya baba yake, yote. Sahani ya ndizi hizo ilipowekwa mbele yake, Edvina alijua kwamba mumewe asipokula leo, hatapatana tena na Rutashobya.

Alimega kidogo. Akafumba macho, kama kawaida yake.

"Chumvi imezidi," alisema, akala yote. "Nitamwomba miche."

"Ameshaipanda, mwezi uliopita. Pale pale kwa baba yako. Alisema usiambiwe, utaacha kula."

Kyaruzi alinawa mikono taratibu, akachukua simu.

"Shemeji," alisema, "ndizi zako zinateleza kama sabuni." Akacheka mwenyewe. "Leta mkungu mwingine. Safari hii uulete mwenyewe, tule wote."