Siku Mama Mkwe Alipotembezwa Tarime

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa mahakama, nikikaa Bomani, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mama mkwe alikuja asubuhi moja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alitaka kuuona mji. Mji usipomfaa binti yake kujifungulia, wangerudi wote kijijini kesho yake.

Miguu ya mke wangu ilikuwa imevimba, kwa hiyo kazi ya kumtembeza mgeni iliniangukia mimi. Kwetu sisi Wakurya, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, wala hawaonani wakila. Tukamwomba shangazi yangu apite katikati. Nilitangulia hatua kama ishirini, nikisema kwa sauti bila kugeuka.

"Shangazi, mwambie mama, hili ndilo boma. Ni la zamani sana."

"Anasema ni la zamani sana," shangazi akarudia, ingawa kila neno lilikuwa limesikika.

"Mwambie hapo nilichuma mboga nikiwa msichana. Boma halikuwapo," mama mkwe akajibu.

Tulipita ofisi yenye bendera, kisha maduka ya Wahindi, ambako mama mkwe alishika kaniki kwa muda mrefu asinunue. Kwenye mashine ya kusaga alisimama. Wanawake walikaa juu ya madebe yao wakipiga soga, wakingoja zamu. Aliuliza debe moja husagwa kwa muda gani. Nilipojibu, akavitazama viganja vyake vyenye sugu, kama shangazi alivyonisimulia baadaye.

Mchana tulifika kwenye hoteli yenye chumba kimoja. Wao waliingia, mimi nikabaki nje, mgongo kwenye dirisha. Waliletewa nyama ya mbuzi na ugali mweupe wa mahindi.

"Huu ni uji ulioganda," mama mkwe akasema. Baadaye nikamsikia akiomba mchuzi zaidi. Kisha akauliza, "Na yeye anakula wapi?"

"Hali. Si wewe upo?" shangazi akajibu.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana, aliposikia unakuja."

Benchi likaburuzwa sakafuni.

"Mwambie nimegeukia ukuta. Aje ale kabla hakijapoa. Ila asitafune kama ng'ombe."

Nikaingia, nikakaa nikiwa nimempa mgongo, shangazi kati yetu. Wateja wengine waliacha kula wakatutazama. Nilimeza matonge mengine bila kuyatafuna.

Usiku mama mkwe alilala kwa shangazi, maana kwangu asingeweza kulala. Mke wangu alifunga nguo zake katika furushi, tukangoja.

Asubuhi shangazi alikuja peke yake, amebeba kibuyu na mfuko wa wimbi.

"Ameshaondoka," alisema. "Kibuyu atakuja kukichukua mwenyewe mtoto akizaliwa. Nafaka hii ipelekwe kwenye ile mashine, binti yake asiguse jiwe la kusagia."

Mke wangu alifungua furushi, akaanza kurudisha nguo sandukuni.