Boksi Linalopumua

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, mjomba wangu huweka kiberiti mezani na kukisukuma kona kwa kidole kimoja kizunguke kidogo, polepole, kama anayeogopa kukiamsha. Hukitazama. Hukisukuma tena. Mara kumi na mbili, mpaka kirudi kilipoanzia. Kisha husonya.

Kwa miaka ishirini na sita amechora mabango ya maduka kwa brashi. Karakana yao sasa imeachana na mabango, inatengeneza katuni za matangazo, na kila mchoraji alipewa mtihani: boksi la sabuni lizunguke kwa michoro kumi na miwili. Mwisho Ijumaa. Atakayeshindwa aage.

Alhamisi alisahau miwani, nikampelekea. Nilimkuta ameinamia meza ya kioo yenye taa chini yake. Bosi wake, dada mmoja wa rika langu, alichukua rundo la michoro yake akaipeperusha kwa kidole gumba. Boksi lilitanuka, likasinyaa, likatanuka.

"Mzee Rula," akasema, kwa jina walilompa kwa mistari yake iliyonyooka, "hili linazunguka au linapumua?"

"Lina pumu hilo!" mchoraji mmoja akadakia kutoka dirishani. Wakacheka wote, hata mjomba.

"Upande wa mbali uwe mfupi," bosi akaeleza. "Mistari yote ielekee nukta moja kule nyuma. Na herufi zibanwe."

"Zibanwe?" Mjomba alishtuka kama aliyeambiwa ampige mtu. "Mwenye sabuni akiona jina lake limekonda, si atanirudishia bango?"

"Si bango, mzee. Ni boksi."

Mjomba akaanza upya. Nilisimama nyuma yake nikitamani kusaidia. Habari za nukta ile nimezisoma chuoni. Naweza kuziandikia kurasa tatu, lakini sijui kuchora hata kikombe. Herufi ya kwanza aliichora pana, ya pili akaipunguza, ya tatu zaidi. Vizuri kabisa. Halafu, huku akipuliza vumbi la ufutio, mkono ukarudi wenyewe ukaongeza unene kwenye ile ya mwisho, ikalingana na ile ya kwanza. Akafuta, akaipunguza. Mkono ukairudishia. Hivyo hivyo mpaka karatasi ikatoboka.

Ijumaa jioni alirudi na brashi zake zote zimefungwa ndani ya gazeti. Nilimuuliza shangazi, mke wake, kwa macho tu, akatikisa kichwa. Mjomba mwenyewe alisema bosi hakumwita Mzee Rula. Alimwambia, "Kapumzike, baba," na hakuna aliyecheka.

Jumamosi asubuhi kiberiti kilikuwa mezani kama kawaida. Alikisukuma mara kumi na mbili. Nilivuta kiti, nikakaa.

"Mjomba, kwani huoni kwamba upande wa mbali umekuwa mdogo?"

"Naona, mama," akasema. "Mkono ndio haukubali."