Jiko la Biasha Lililofika Kwenye Karatasi

Saa kumi na moja alfajiri, Biasha Boga amepiga magoti mbele ya mafiga, nyuma ya shule moja ya chekechea huko Mwabungo, kijiji cha pwani, akipuliza makumbi ya nazi yaliyolowa umande. Moshi unamwingia puani, anakohoa, halafu anacheka.

"Sogea kando, mwanangu, moshi huu hauna adabu kwa wageni," anamwambia mwandishi.

Kwa posho ya shilingi elfu sita kwa mwezi, mama huyu wa miaka hamsini na miwili huwapikia uji watoto sitini na wanne. Wengi wao hutoka nyumbani na kikombe mkononi na tumbo tupu.

Zamani alikuwa akiletewa kuni za mikoko. Mwaka jana ukataji wa mikoko ukapigwa marufuku, na shule zikaahidiwa majiko ya gesi na idara ya elimu ya kaunti. Marufuku ilianza siku ile ile. Jiko likachelewa mwezi, miezi, mpaka masika yakalowesha hata makumbi. Siku tisa zikapita bila uji, na darasani wakabaki watoto ishirini na watatu.

"Sisemi mikoko ikatwe, hasha! Humo ndimo samaki wanamozalia. Lakini mtoto wa miaka minne mwenye njaa utamwambia nini akuelewe?"

Basi akamwendea mwakilishi wa wadi, Mheshimiwa Fondo, ambaye alilipeleka swali katika bunge la kaunti. Siku ya jibu, Biasha alijifunga leso mpya akaenda kusikiliza kwa masikio yake.

Roshani ya wageni ina sharti moja: mgeni hasemi. Naye akasikia jibu la idara likisomwa, kwamba majiko yamekwisha kusambazwa, la shule yake likiwemo, "na linatumika vizuri."

"Lo! Nilitaka kuruka kutoka kule juu," anasimulia huku akikoroga. "Nikajiziba mdomo kwa leso."

Mheshimiwa Fondo aliinua macho, akamwona anatikisa kichwa mpaka ushungi unamwanguka. Akasimama tena.

"Mheshimiwa Spika, idara itueleze jiko hilo lina rangi gani. Mpishi wake ameketi pale juu, naye ana hamu ya kulijua."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Spika naye alicheka, kisha akatoa siku kumi na nne jiko lionekane.

Leo ndiyo siku ya kumi na nne. Watoto wakiwa bado wanaramba vikombe, gari la idara linaingia uani. Vijana wawili wanashusha jiko jipya, linang'aa. Watoto wanapiga makofi, na Biasha anapiga kigelegele cha kusikika barabarani. Analizunguka jiko mara mbili.

"Ahsanteni, wanangu. Na mtungi wa gesi?"

Vijana wanatazamana.

"Mama, sisi tumeambiwa tulete jiko tu."

Biasha anashika kiuno. Halafu anacheka mpaka anajishika mbavu, na kumwita mwalimu wa darasa, Mutheu.

"Mwalimu, lete kalamu! Mwambie Mheshimiwa kuwa Jumanne nitakuwepo kule roshani. Kosa ni letu, tuliuliza nusu. Sasa andika mtungi, andika gesi iwemo ndani ya mtungi, andika na mpira wake. Kiberiti nitajinunulia mwenyewe."