Milimita na Injini ya Baba

Mtaani walimwita Milimita, na jina hilo halikumuudhi. Kaka yangu mkubwa alitunza stoo ya shule kwa miaka thelathini na mmoja, na penseli katika stoo ile zilipangwa kwa urefu. Mkate akiukata yeye, vipande vililingana hadi watoto wake wakakosa cha kugombania. Siku ya harusi yake, mchungaji akiwa katikati ya maombi, kaka alinyoosha mkono taratibu akamwekea mchungaji tai yake sawa. Ni miezi mitatu sasa tangu Mungu amchukue. Nikifumba macho kuomba, badala ya kuona utukufu namwona yeye, futi kamba ikining'inia mfukoni, nami napoteza maneno.

Injini ilikuwa ya marehemu baba, dizeli ya silinda mbili. Baba alimwachia kaka boti na injini yake. Mimi aliniachia Biblia na koti, na koti halikunitosha, maana mwili wangu Mungu aliubariki mapema. Kaka aliitoa injini botini aifanyie matengenezo ya wiki mbili. Ikakaa sebuleni kwake miezi saba.

Sebuleni mle ndimo shemeji, mkewe, alimopimia wateja, kwa kuwa ni fundi cherehani. Aliifunika injini kwa kitambaa cha meza, akaweka maua ya plastiki juu. Mama mmoja wa kanisani alilisifia sana hilo kabati. Mambo yakaenda hivyo mpaka bibi harusi mmoja, aliyekuja kujaribu gauni, aliporudi nyuma hatua mbili ajione vizuri kwenye kioo. Gauni lilikuwa jeupe, na injini ilikuwa bado inavuja oili. Yaliyobaki msomaji atajaza mwenyewe.

"Jumamosi, saa tisa alasiri," shemeji alimwambia jioni hiyo. "Ama hili dude liko ndani ya boti linaunguruma bila kutetemeka, ama linaondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeshaongea naye."

"Mama watoto, Jumamosi ni keshokutwa!"

"Una siku mbili. Ulikuwa nazo mia mbili."

"Ni injini ya baba!"

"Baba yako hakushona magauni sebuleni."

Usiombe kuuona uso aliokuja nao kaka kwangu. Injini ile ndiyo kitu pekee cha baba kilichokuwa bado kinaweza kutoa sauti.

Ijumaa asubuhi tulikuwa kando ya mto, boti ikiwa imepandishwa nchi kavu juu ya magogo. Wanaume wanne na winchi ya mnyororo tuliishusha injini mahali pake. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Kazi yenyewe ni kuipanga. Nyuma ya injini kuna sahani ya chuma, na shafti inayozungusha propela nayo ina sahani yake. Sahani hizo mbili lazima zikutane kama viganja vya mtu anayesali. Moja ikiinama, hata kwa unene wa unywele, boti nzima inatetemeka.

Kaka alikuwa anazungusha nati kwenye miguu ya injini, robo mzunguko, kisha anachomeka wembe katikati ya sahani: juu, chini, kushoto, kulia. Wembe ukibana sawasawa pande zote, injini imekaa. Haukubana. Spana ikateleza, kidole kikapigwa. Kaka alikuwa mzee wa kanisa na hakutukana tangu abatizwe, kwa hiyo kila alipoumia alipiga kelele, "Haleluya!" Kufikia saa kumi alikuwa ameumia sana, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapita akatuuliza mkutano wa injili unaanza lini.

"Imekaa," kaka akasema jua linashuka. "Hapo hata Gabrieli hana la kurekebisha."

Jumamosi asubuhi tuliishusha boti mtoni. Kaka alifumba macho, akaomba, akawasha. Boti ilitetemeka hadi kikombe changu cha chai kikatembea chenyewe kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho, kikajitosa majini.

Saa nane shemeji akafika. Nyuma yake alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, akaegesha mkokoteni, akaukalia kwa adabu. Shemeji alisikiliza zile kelele, akaashiria injini izimwe.

"Uliipimia wapi?"

"Pale, juu ya magogo."

"Nchi kavu?"

"Chuma ni chuma, mke wangu."

"Mume wangu, mimi gauni nikilitandika mezani halina kasoro. Mtu akilivaa, tumbo linatokea huku, bega linashuka kule. Hiyo boti sasa imevaa maji. Mbao zimejikunja zinavyotaka zenyewe. Pima ikiwa imevaa!"

Kaka aliokota spana.

"Mama kasema kweli," mnunuzi akadakia.

"Wewe uko upande gani?"

"Upande wa mkokoteni, mzee. Lakini kweli ni kweli."

Kaka alilegeza bolti, akachomeka wembe. Juu ulipita kama barabarani, chini haukuingia kabisa. Akaanza upya, na saa moja tu imebaki. Mimi aliniweka benchi la nyuma nimshikie wembe, akanikataza hata kukohoa. Niliomba kimoyomoyo, na Mungu anisamehe, niliomba pia mkokoteni upate pancha.

Saa tisa kasoro dakika tano, wembe ukabana sawasawa pande zote nne. Kaka alibusu spana. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikaruka ufukweni kumwambia shemeji, na nyuma yangu boti ikainuka kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Umefanya nini?" kaka akapiga yowe. "Wembe umegoma! Rudi!"

Nikarudi, wembe ukakubali.

"Shuka!"

Nikashuka, ukagoma. Mnunuzi alicheka hadi akashika gurudumu asianguke. Kaka alikuwa ameipanga injini ya baba pamoja na kilo zangu mia moja na ishirini.

"Saa tisa," akasema shemeji.

Kaka alinirudisha kwenye benchi, akakaza bolti, akawasha. Injini iliunguruma chini kwa chini, kwa sauti ileile ya utotoni, na benchi lilitulia kabisa. Shemeji aliingia, akaweka kiganja juu ya injini. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Haitetemeki," akasema.

Kaka angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, na ni mshirika wa meza ya Bwana. Yeye alifuta mikono, akatazama mkokoteni, akasema, "Mdogo wangu akishuka itatetemeka. Nimempanga humohumo. Ilitakiwa iwe tayari saa tisa, na haiko tayari."

Mnunuzi akasimama. Shemeji alimtazama mumewe, kisha akanigeukia mimi.

"Shemeji, Jumamosi huwa una shughuli gani?"

"Mazoezi ya kwaya."

"Kwaya ina watu wangapi?"

"Arobaini."

"Hawatakosa sauti." Akamgeukia mnunuzi. "Baba, samahani kwa usumbufu. Nilisema isitetemeke. Sikusema lazima mtu ashuke."

Mnunuzi aliondoka akitikisa kichwa, na mkokoteni ukipiga kelele kuliko injini. Shemeji alikusanya gauni lake, akaenda kukaa mbele kabisa, upande wa kushoto, akiutazama mto.

"Mke wangu, sogea katikati kidogo," kaka akasema. "Hapo utanivurugia."

"Mimi usinipime," akajibu bila kugeuka.

Injini ikaanza kutetemeka kidogo. Nilihisi miguuni, na kama mimi nilihisi, kaka alihisi mara kumi. Alitazama spana, akamtazama mkewe mgongoni. Kisha akatia gia, tukaondoka.