Adabu ya Kunyamaza Mbele ya Kompyuta

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ukungu umeulalia mji wa Eldoret hata mapaa ya mtaa wa West Indies hayaonekani, nami nimesimama katika chumba cha fundi wa nguo, makasi mkononi, moyo ukiniambia: usikate. Nikakata. Nitakueleza nilichokata, lakini kwanza nikwambie kwa nini nakuandikia.

Jumanne ulikuja ofisini kwetu kuomba kazi yako ya kwanza. Hukusomea kompyuta chuoni. Ulijifunza mwenyewe katika chumba cha kukodi kule Kesses, majirani zako wakienda darasani wewe ukibaki na video zako. Tulikupa programu iliyoharibika, tukakuomba uitengeneze sisi tukitazama. Ukainama, ukanyamaza. Nilipokuuliza unafikiria nini, ukajibu kwa heshima, "Niko sawa, Mama." Ulipoondoka wenzangu walisema hujui kitu, tumchukue mwingine. Niliwaomba wasubiri hadi Ijumaa, kwa sababu kwenye kile kiti nilikuwa nimemwona msichana ninayemjua sana.

Msichana huyo alitoka kijijini, ng'ambo ya mji mdogo wa Plateau, na kompyuta ya mtumba iliyofungwa ndani ya blanketi, akakodi chumba kwa Mama Atieno. Mama alikuwa fundi cherehani, mwenyeji wa upande wa Ziwa aliyemfuata mumewe Eldoret miaka mingi nyuma, akazeekea hapa. Yeye alishonea chumba cha mbele, mimi nikalala cha nyuma, kati yetu ukuta wa mbao. Zamani hizo hakukuwa na video kwenye simu. Nilikwenda saiba mjini, zile kompyuta za kulipia, nikachapisha kurasa za masomo, nikarudi nimezikumbatia zisilowe. Kisha siku nzima nikaandika programu, cherehani ya Mama ikinguruma upande wa pili, mvua ikinyesha juu ya mabati, hata sikujua tena kama naandika au naota. Mistari ilinijia hata nikisonga ugali. Ilikuwa raha, mwanangu. Leo nina ofisi yenye dirisha kubwa, lakini raha ile sijaipata tena.

Ila raha ya peke yako haikufundishi kukaa na watu. Nilipoitwa intavyu yangu ya kwanza nilifanya vilevile ulivyofanya wewe. Kwetu, mtoto aliyelelewa vizuri hafungui mdomo mbele ya wakubwa. Anafanya kazi, anamaliza, anasubiri kuambiwa. Mabwana wawili walikaa nyuma yangu. Niliona mahali palipoharibika, nikashuku, nikasita, nikanyamaza. Mmoja akauliza, "Umekwama?" Nikasema, "Niko sawa." Kumbe nimekwama kama lori la mahindi kwenye tope. Wakanishukuru kwa kuja, nikatembea mpaka nyumbani nikilia ndani ya ukungu, na nilifurahi kwamba ukungu ulikuwepo.

Haikupita wiki, Mama Atieno akateleza uani akavunjika mkono wa kulia. Na alikuwa na majoho ya kwaya ya kushona, sherehe ya kanisa iko mlangoni. Akaniita huku mkono umefungwa plasta.

"Nyathina," akasema, maana kwa lugha yao ndivyo mtu anavyomwita mtoto wake, "mkono mmoja haulei mwana, wala haushoni joho. Njoo unisaidie na yako."

Basi ndiyo asubuhi ile. Alinionyesha karatasi ya kukatia mikono ya joho, akaenda jikoni kuchemsha chai. Kitambaa kilikuwa kizuri, cha zambarau, upande mmoja unang'aa na mwingine haung'ai. Nilikata mkono mmoja. Nilipoilaza karatasi tena kwa ajili ya wa pili, nikahisi kwamba nisipoigeuza nitapata mikono miwili ya upande mmoja. Sikuwa na hakika. Mama yuko palepale jikoni, namsikia akikoroga sukari. Lakini nikasema moyoni, nitamsumbuaje mtu mzima, tena mgonjwa? Nikakata. Nikachukua joho lingine, nikakata tena.

Aliingia na vikombe kwenye sinia aliyoishika kwa mkono mzima, akaangalia meza, akaweka sinia chini polepole.

"Mikono hii yote ni ya kushoto."

Nikayaweka makasi mezani.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilishuku, Mama."

"Ukashuku, na ukanyamaza? Kwani mdomo wako pia umevunjika?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Ai! Na sasa hujanisumbua?" Akaketi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hiyo si heshima, nyathina. Kama ni heshima, ungeniita makasi yakiwa bado juu. Ukininyamazia mimi nitajuaje? Mimi si Mungu, mimi ni Atieno."

Kitambaa kile hakikupatikana tena mjini. Waimbaji wawili wa besi waliimba siku ya sherehe wakiwa na mikono ya rangi nyingine, na watu wakawauliza kama wamepandishwa cheo. Wao walicheka. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa.

Tangu siku hiyo Mama aliweka sheria. "Kila unachofanya, kiseme. Nataka kusikia mikono yako." Nikaanza kusema, kwanza kwa aibu, kisha nikazoea. Sasa nakunja hapa. Sasa nashona pindo. Hapa sielewi kwa nini uzi unakatika, nadhani nimeubana sana. Yeye anaitikia "mm", "mm", na mara moja moja "ngoja." Sauti yangu, sauti ya mvua na sauti ya cherehani zilichanganyika siku nzima, na mpaka leo nikifumba macho nazisikia.

Akanifundisha na lingine bila kujua. Alinipa koti kuukuu nilifumue, nijue fundi mwingine alilijengaje. Nikacheka mshono mmoja uliopita mahali pa ajabu. Akasema, "Usimcheke mwenzako kabla hujajua kilichomfanya apite hapo." Nikafumua zaidi, nikakuta kitambaa kilikuwa kimepungua, fundi yule akakiunga kwa ujanja wa hali ya juu. Hata programu niliyomwandikia Mama, ya kupiga hesabu ya kitambaa, aliitazama kwa upole akasema ni nzuri, lakini hawezi kuacha meza yake kila mara aje chumbani kwangu kuiuliza. Sikuwa nimemuuliza anafanyaje kazi. Mimi niliota tu, nikaandika ndoto yangu.

Nikaipeleka sheria ya Mama chumbani. Nikawa nazungumza na kompyuta yangu kama kichaa. Nataka mstari huu ufanye hivi. Umefanya vile. Kwa nini? Na makosa yaliyonichezea kwa wiki nzima yakaanza kujitokeza yenyewe, mengine kabla sijamaliza sentensi. Mama akigonga ukuta wa mbao na kuuliza, "Umelipata?" nami najibu, "Bado, lakini nimejua haliko wapi!"

Intavyu ya pili nilienda na woga uleule, ila mdomo ulikuwa umefunguka. Wakanipa programu ya mtu mwingine, ndefu, imeharibika. Nikaisoma kwa sauti. Nikasema ninachokiona, ninachokishuku, ninachotaka kujaribu na kwa nini. Nikafika mahali nikasimama. "Hapa sijui," nikasema. "Ningemuuliza aliyeandika alikuwa anataka nini."

Mama mmoja aliyekaa pembeni akacheka. "Aliyeandika ni mimi," akasema, akavuta kiti akaja karibu. Tukainama pamoja. Muda ukaisha hatujaipata ile hitilafu, nami nikaenda nyumbani nikijua nimeshindwa tena. Kesho yake wakaniita kazini. Nilipouliza kwa nini, mama yule alisema, "Hata mimi imenishinda kwa siku mbili. Lakini nikiwa nawe nilijua tuko wapi."

Nilikimbia kumwambia Mama Atieno. Alinikumbatia na mkono wake mmoja, akaniuliza kama sasa nitahama. Sikuhama mpaka mkono ukapona.

Sasa sikiliza, mwanangu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, wakasema pia mficha uchi hazai. Wewe unajua kuandika programu, nimeona kazi ulizotuma. Lakini waliosoma chuoni walikaa na wenzao, wakabishana, wakasahihishwa. Sisi tuliojifunza peke yetu tulizoea kimya, na kimya hicho hatuna budi kukivunja wenyewe. Fikiria kwa sauti. Ukishuku, sema unashuku. Pale usipojua sema sijui, kisha useme utatafuta vipi. Zoea kusoma kazi za wengine mpaka uelewe mawazo yao, usikimbilie kuandika upya kila kitu. Na tafuta mtu mmoja wa kweli, awe muuza mboga au mwalimu, umtengenezee kitu atakachotumia, ukimuuliza kabla na baada. Uzimalize kazi zile ulizotutumia zikiwa nusu, hata mbili tu, kuliko kuanzisha kumi nyingine. Kukwama hakutuogopeshi, kila siku tunakwama. Kinachotutisha ni mtu aliyekwama ambaye hatumsikii.

Adabu ya nyumbani usiitupe. Endelea kunisalimia kwa mikono miwili. Ila mbele ya kazi, adabu ni kutuambia.

Mungu wa wazazi wako akufungue kinywa. Akupe kukosea mapema, mbele ya watu wema. Akuletee Atieno wako, na siku moja akufanye wewe uwe Atieno wa mtu. Njoo Alhamisi asubuhi. Programu ni ileile, bado imeharibika, na safari hii nitakaa karibu yako.