Siku Kolo Iliposikika Dodoma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu. Ilikuwa asubuhi, upepo wa Dodoma unapeperusha vumbi jekundu, na mimi, binti niliyetoka chuo cha ufundi juzijuzi, nimekaa kwenye banda la bati juu ya kilima, nyaya zimenizunguka kila upande.

Tulikuwa kikundi cha wapenzi wa redio za ridhaa, watu wenye leseni wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara. Pale kilimani tulikuwa na ripita, mtambo unaopokea sauti hafifu ya redio ya mkononi na kuirusha upya kwa nguvu ili ifike mbali. Nguvu ilikuwa nayo kwelikweli. Shida ni kwamba watu wa mbali walitusikia vizuri, ila sisi hatukuwasikia. Redio ndogo ya mkononi, mtu akiwa bondeni huko Kondoa, haina ubavu wa kukifikia kilima chetu.

Mzee Ndahani, mwenyekiti wetu, alikuwa amestaafu kazi ya mawasiliano ya reli kule Gulwe. Yeye ndiye aliyetushawishi tuweke vipokezi zaidi, kimoja mlimani Kondoa, kingine karibu na Kolo. Sauti zote zingeletwa Dodoma kwa intaneti, kisha kisanduku kimoja kizilinganishe, kichague iliyo safi kuliko zote, hiyo ndiyo irushwe. Baadhi ya wenzetu walikuwa wamechoka. Walisema jaribio la siku ile likishindikana, vipokezi vya mbali ving'olewe, tubaki na cha pale kilimani. Na kazi ya kukipanga kile kisanduku nilikuwa nimekabidhiwa mimi. Chai sikuweza hata kuimaliza.

Mara tukasikia mtu. Sauti nzito, kama anaongea amejifunika blanketi. Taa ya kisanduku ilionyesha kimechagua Kondoa. Akapotea, akarudi, hali ni ileile.

"Haiwezekani hii," mwenzetu mmoja akasema, akaanza kukunja nyaya.

Mimi nikazidi kubonyezabonyeza vitufe vya kisanduku.

"Binti," Mzee Ndahani akaniita taratibu, "unahangaika na mwamuzi. Mashahidi wenyewe umewasikiliza?"

Niliona haya, lakini nikavaa hedifoni, nikasikiliza kipokezi kimoja baada ya kingine. Cha Kolo kilikuwa na mchakacho kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, ila ndani yake alikuwemo mwanamke, maneno yake wazi kabisa. Cha Kondoa hakikuwa na mchakacho hata kidogo, na maneno hayaeleweki. Hapo nikaelewa. Kisanduku kinapima mchakacho. Chenye mchakacho mdogo ndicho kinachoshinda. Njia ya sauti kutoka Kondoa ilikuwa inaukata mchakacho wote, na nusu ya maneno inakwenda nao. Kwa hiyo Kondoa ilionekana safi, kumbe imezibwa tu. Nikazirekebisha njia zote zipitishe sauti kwa namna moja.

"Mwite sasa," Mzee akasema. Nikaita.

"Shikamoo Mzee Ndahani!" Sauti ikajaa banda zima. "Naitwa Zuhura, niko Kolo, huku chini ya miamba yenye michoro. Mnanipata?"

"Marahaba, mwanangu! Tunakupata kama umekaa hapa na sisi!"

Tukamsikia anacheka huku analia. Alikuwa fundi cherehani, leseni anayo siku nyingi, na kila jioni alitusikiliza, akatujibu, wala hakuna aliyemsikia.

"Yule aliyeuliza mtama wake unaliwa na nini, ni viwavi! Nilimwambia siku ileile!" akasema. "Nilipiga kelele mpaka mteja wangu akatoka mbio na gauni nusu."

Tulicheka mpaka bati likavuma. Mwenye mtama ndiye yule aliyekuwa anakunja nyaya. Akazikunjua, akaomba kipaza sauti aulize dawa.

Tangu hapo Zuhura akawa ndiye anayefungua mazungumzo yetu ya jioni. Nilipoolewa alikuja kwa basi na gauni langu mkononi, alilolishona kwa vipimo nilivyomtajia redioni. Lilinikaa sawasawa, na hatukuwa tumeonana hata mara moja.

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda kuongoza watu ofisini. Usidhani asiyesikika hana la kusema. Pengine anakujibu kila siku na hakuna njia ya kukufikia. Mtafute alipo, umsogelee. Ukitakiwa kuchagua kati ya watu, hakikisha kwanza wote wamepewa nafasi sawa ya kusema, na usimpe mtu ushindi kwa sababu tu hakusumbui. Wasikilize wenyewe, mmoja mmoja, hata kama wanakwaruza.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe kazi ya kukuchangamsha na watu wa kucheka nao, na kila utakayemwita akuitikie kwa furaha.