Wakili wa Upande wa Pili

Wanafunzi walimbandika jina Wakili wa Upande wa Pili, nalo likamganda kuliko uprofesa wenyewe. Katika darasa lake la falsafa sheria ilikuwa moja: hupingi hoja ya mtu mpaka uieleze vizuri hata mwenyewe akiri, "Hapo umenisema." Basi angesimama, msalaba mdogo shingoni, akiwatetea wasioamini mpaka watoto wa wachungaji watokwe jasho.

Sheria hiyo hakuiokota vitabuni. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alipofariki kazini, mama aliuliza msibani, "Mungu alikuwa wapi?" Wazee wa kanisa wakamnyamazisha. Swali hilo mwanawe alilibeba hadi shahada ya uzamivu, akaliandikia vitabu: mateso ya wasio na hatia, na imani isiyoogopa kuulizwa.

Mzazi mmoja alipolalamika kwamba chuo cha kanisa kinafundisha ukafiri, bodi ilimwita profesa. Ilitaka kulifuta somo lake.

"Usiende kuwatetea wao," mkewe alimtania akimnyoosha kola.

"Ndiyo kazi yangu, mama watoto."

Mwenyekiti, mchungaji mwenye sauti nzito, hakupindapinda maneno. "Profesa, lawama unazijua. Jitetee."

"Niruhusu nianze na upande wenu, baba mchungaji."

Akasema mzazi hukabidhi chuo mtoto anayeamini, si mtoto wa kufanyiwa majaribio. Kwamba shaka hupandwa kwa saa moja ikachukua miaka kung'oka. Kwamba mwalimu fasaha huweza kuuvunja moyo mchanga bila kukusudia. Alisema kwa uchungu, kama mzazi mwenyewe.

"Huyu anajifukuza," mjumbe mmoja alinong'ona.

"Hapo umenisema," mwenyekiti akakiri taratibu. "Haya, jibu."

"Maswali haya watakutana nayo hospitalini na makaburini, mimi nisiwepo. Nataka wayasikie kwanza kwa mtu anayewapenda na anayesali. Mama yangu alinyamazishwa, baba. Hakukanyaga tena kanisani."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake mmoja mmoja, hakuna aliyepinga.

"Somo libaki," akasema. "Na Alhamisi niwekee kiti darasani kwako."

"Kwangu mgeni naye huulizwa."

"Nimesikia."

Alhamisi mchungaji alisimamishwa mbele kumtetea asiyeamini. Alijaribu, akajifuta paji la uso. Binti mmoja wa kiti cha nyuma akatikisa kichwa.

"Bado hujamsema, baba mchungaji."

Profesa alitazama dirishani kuficha tabasamu. Mchungaji akavua koti, akaanza upya.